Siku Tano kwenye Boti Isiyoondoka

(Muziki wa kufungua kipindi, sekunde 15, unashuka polepole.)

Ndugu msikilizaji, na wewe unayesoma karatasi hii kwenye ubao, pale karibu na ghala la chakula. Najua mnaotusoma ni wengi kuliko mnaotusikia, kwa sababu spika ya upande wa chini wa kambi imenyamaza tangu Pasaka. Tafuta kivuli, simama vizuri, nikusimulie.

Leo sizungumzi kutoka Kavumu. Niko Bujumbura, mtaa wa Kigobe, kwenye chumba kidogo ambacho kuta zake zimefunikwa magodoro ili sauti isirudi. Kigobe ndipo lilipo Bunge la Burundi, kwa hiyo ukisikia ving'ora vya magari ya wakubwa nyuma ya sauti yangu usishtuke. Ukipanda ngazi ya nyuma ya nyumba hii unaona mapaa ya majirani, kisha Ziwa Tanganyika, kisha milima ya ng'ambo. Chini ya milima ile ni Uvira. Nilizaliwa kule, nikatoka mwaka 2013 nikiwa na miaka 13. Tangu hapo nimeiona Uvira kutoka ngazi hii tu, kama mtu anayemwona mama yake kwenye picha ya kitambulisho.

Mwezi Juni 2024, wakubwa wa kipindi waliniambia hivi: kuna boti ya utafiti bandarini. Itatoka Jumatatu kwenda kupima maji na samaki upande wa kaskazini wa ziwa. Panda nayo, ni siku mbili, urudi na sauti za ziwani. Watu kambini wanakula ndagala kila wanapopata senti, acha wajue zinahesabiwaje.

Nilipanda Jumatatu asubuhi. Nilishuka Jumamosi kabla ya kupambazuka. Katika muda huo wote boti haikusogea, ila pale tulipolegeza kamba ili isijigonge kwenye gati. Sauti nilizorudi nazo ni za sufuria, ufagio, mlio wa jenereta unaokatika baada ya saa moja, na mtu anayekoroma. Kabla hujasema kijana huyu amekula nauli yetu bure, nisikilize.

Boti yenyewe si kubwa. Urefu wake ni kama basi mbili zikifuatana. Mbele kuna sitaha wazi, katikati chumba cha nahodha, nyuma kuna winchi ya kushushia vyombo majini, na chini kuna injini na vitanda vinne ambavyo hakuna anayevilalia kwa sababu ya joto na harufu ya mazutu. Tulikuwa watu sita. Nahodha ni mzee wa Rumonge, Kiswahili chake ni kile cha wavuvi, kimenyooka kama kamba. Fundi wa injini ni mtoto wa Buyenzi, na ukisema Buyenzi umeshasema fundi. Kulikuwa na Dokta, mama mtafiti ambaye wote walimwita hivyo hivyo, Dokta, bila jina. Mwanafunzi wake. Mpishi, ambaye nitarudi kwake. Na mimi, niliyeitwa Redio. "Redio, shika hapa. Redio, umekula?"

Kwa nini hatukuondoka? Jumatatu ni mazutu. Wewe unayengojea lori la chakula unajua hadithi hii vizuri kuliko mimi. Mjini, foleni za magari mbele ya stesheni zilikuwa ndefu kiasi kwamba watu wanalala ndani ya magari yao. Jumanne ilikuwa bado mazutu. Jumatano waliahidi mapipa mawili, yakaja madumu manne. Alhamisi mazutu yalitosha kwa safari nusu, lakini karatasi moja ya ruhusa ilikuwa bado kwenye meza ya mtu aliyekwenda msibani. Ijumaa karatasi ilikuja, upepo wa kusini nao ukaja. Mzee Nahodha alisimama sitahani akatazama mawimbi yenye vichwa vyeupe, akaniambia: "Chombo hiki kina mabwana watatu, mwanangu. Mafuta, karatasi na upepo. Mimi ni wa nne, na sauti yangu ni ndogo."

Nilidhani watu wanaongoja boti watakuwa wamelala. Mimi mwenyewe nimekaa kambini miaka 11, kungoja nakujua, nina diploma yake kuliko ile ya sekondari. Kwetu kungoja ni kukaa mbele ya nyumba na kutazama barabara. Ndani ya boti ile haikuwa hivyo, na ndiyo sababu nimeona niwasimulie.

Kwenye mlango wa chumba cha nahodha kuna kibao cheusi. Kila jioni Mzee anaandika kwa chaki: KESHO, KUONDOKA SAA 11 ALFAJIRI. Jumatatu jioni tulikuwa hatuna hata lita moja, akaandika. Jumanne akaandika. Mwanafunzi alicheka, mimi nikaona kama mzee anajidanganya. Jumatano usiku nikamwuliza. Alinijibu bila kunitazama, anafuta vidole vyake vya chaki kwenye suruali: "Siku nisipoandika saa, kesho yake hakuna atakayeosha chupa."

Basi chupa zilioshwa. Chupa 60, kila asubuhi, kwa maji safi, kisha zinakaushwa kichwa chini, kisha zinaandikwa upya kwa sababu jasho la mikono linafuta wino. Nilimwuliza Dokta kwa nini tuoshe chupa ambayo jana ilioshwa na haikutumika. Akanipa moja, akasema weka jicho. Ndani kulikuwa na mdudu mdogo, wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwenye taa kama moshi. "Huyu," akasema, "akiingia kwenye hesabu yangu, nitawaambia watu uongo kuhusu ziwa zima."

Kamba nayo ilipimwa. Kamba ya kushushia vyombo ina kitambaa chekundu kila mita 10 na cheupe kila mita 50. Mimi na mwanafunzi tuliitandaza kwenye gati, tukaipima kwa futi ya fundi, kitambaa kwa kitambaa. Vitambaa viwili vilikuwa vimeteleza. Mita mbili za kosa si kitu ukiwa unafunga mbuzi. Ziwani ni kitu, na hapa lazima nieleze kidogo.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi. Duniani ni ziwa moja tu linalolipita kwa kina, Baikal la Urusi. Walioupima kina chake vizuri ni Wabelgiji, katika msafara wao wa utafiti wa mwaka 1946 na 1947. Mmoja wao, André Capart, ndiye aliyechora ramani ya chini ya ziwa. Lakini ndugu yangu, katika kina chote kile samaki wanaishi juu tu. Ukishuka mita 100 upande huu wetu wa kaskazini, au zaidi kidogo ya mia mbili upande wa kusini, hewa ya oksijeni inakwisha. Chini ya hapo ni maji meusi, baridi, hayana ndagala, hayana mukeke. Kwa hiyo ziwa lile kubwa unaloliona, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 600 na nchi nne juu yake, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, kwa samaki ni kama shuka jembamba lililotandikwa juu ya shimo.

Kinachowalisha samaki ni ule upepo uliotuzuia Ijumaa. Upepo wa kusini wa kiangazi unayasukuma maji ya juu kuja kaskazini, na kule kusini, upande wa Mpulungu, maji ya chini yanapanda kujaza nafasi. Yanapopanda yanabeba mbolea iliyokuwa imelala gizani. Mbolea inaotesha vimelea vidogo vya kijani, vidudu vinakula vimelea, ndagala wanakula vidudu, mukeke anakula ndagala, na wewe unajua nani anamla mukeke. Dokta alinichorea haya kwenye vumbi la sitaha. Halafu akafuta na kuchora tena, maji ya juu yakiwa yamepata joto zaidi. Maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu kama mafuta kwenye mchuzi, na upepo unashindwa kuyachanganya. Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba joto limepunguza uzalishaji wa ziwa kwa kama asilimia 20, na kwamba hiyo inaweza kumaanisha samaki pungufu kwa kama asilimia 30. Kwa hiyo unapoona bei ya fungu la ndagala sokoni Cankuzo, usimtukane mama anayeuza peke yake.

Kujua haya yote kulihitaji watu kukaa kwenye vyombo na kungoja. Miaka ya 1990 kulikuwa na mradi mkubwa wa FAO uliolipiwa na Finland, ofisi yake kuu ikiwa hapa Bujumbura, na vituo Uvira, Kigoma na Mpulungu. Walikuwa na meli iliyoitwa Tanganyika Explorer. Ilizunguka ziwa zima ikituma sauti chini na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye makundi ya samaki. Fikiria miaka yenyewe: Burundi vita, Uvira vita tangu 1996. Watu wanauana ufukweni, na katikati ya maji kuna watu wanasikiliza samaki. Nilipomwambia Dokta kwamba hilo naliona la ajabu, alisema la ajabu zaidi lingekuwa vita viishe halafu asiwepo hata mmoja anayejua kama samaki bado wapo.

Mwaka huo wa 2024 wavuvi wenyewe walikuwa kwenye kungoja. Nchi nne za ziwa zilikubaliana lipumzike miezi mitatu. Upande wa Tanzania uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ndani ya boti tulikula ndagala wakavu wa zamani, wagumu kama misumari, kila siku na bugali. Mpishi aliapa kwamba ladha inabadilika kulingana na upande unaokaa.

Sasa Mpishi. Ni mama wa miaka kama 40, Mrundi wa Makamba. Kiswahili chake kilinishtua, kwa sababu kilikuwa cha kwetu, cha Fizi kabisa. Nikamwuliza amekitoa wapi. Akacheka: "Nyarugusu, kwa ndugu zako." Ndugu msikilizaji, dunia ni duara. Yeye alikimbia Burundi mwaka 2015 akaenda kukaa Tanzania kwenye kambi ambayo Wakongo walikuwa wamekaa tangu 1996. Mimi nilikimbia Kongo nikaja kukaa kwao. Tukakutana kwenye boti isiyokwenda popote, tunamenya vitunguu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kuna kungoja na kungoja. Mei 2015 alikuwa Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania karibu na mpaka, kimebanwa kati ya mlima na ziwa. Makumi ya maelfu ya Warundi walifika pale kwa siku chache. Barabara haikuwepo. Njia ya kutoka ilikuwa ziwa, na chombo kilikuwa MV Liemba, ile meli ya zamani ambayo Wajerumani waliijenga mwaka 1913 wakaileta Kigoma vipande vipande ndani ya masanduku, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Shirika la UNHCR liliikodi kubeba wakimbizi hadi Kigoma, kama watu 600 kwa safari. Meli ilisimama mbali na ufukwe. Ulipakiwa kwanza kwenye mtumbwi, mtumbwi ukupeleke kwenye meli. Na huku ufukweni kipindupindu kilikuwa kimeingia. "Pale," Mpishi aliniambia, "tulikuwa tunaiona Liemba kwa macho, imesimama, taa zinawaka. Watu wanakufa wanaitazama." Yeye alingoja siku nane. Mtoto wake wa pili aliugua siku ya sita, akapona. Hakusema zaidi, akaniambia niongeze chumvi.

Ndiyo sababu kwenye boti ile mwenye amri juu ya maji ya kunywa alikuwa Mpishi, hata Nahodha alimwogopa. Madumu matatu ya maji yaliyotiwa dawa, yamefungwa, na kikombe kimoja chenye mkono mrefu cha kuchotea. Hakuna kuchota maji ya bandarini hata ya kusuuza kinywa. Mwaka huo wa 2024 ziwa lilikuwa limepanda sana. Gatumba nyumba zilizama, na pale bandarini ngazi tatu za gati zilikuwa chini ya maji. Maji yanapopanda hivyo yanaingia kwenye vyoo na kurudi na kila kilichomo. Uvira na Kalemie wanaujua ugonjwa huu karibu kila mwaka. Mdogo wangu alilazwa siku nne Uvira akiwa na miaka mitatu, nakumbuka kitanda kile chenye tundu na ndoo chini.

Kwa hiyo, na hili waambie majirani wasiojua kusoma: mtu akianza kuharisha maji kama ya kuoshea mchele, usingoje kesho, mpeleke kituo cha afya. Njiani mnyweshe kidogo kidogo. Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukizidisha chumvi unamdhuru. Maji ya mtoni na ya ziwani chemsha au tia dawa, hata yakiwa meupe kama kioo.

Tuendelee. Kila siku saa 4 asubuhi Mzee alipiga chuma mara tatu, na sote tulivaa majaketi ya kuelea na kusimama kwenye nafasi zetu, boti ikiwa imefungwa kwenye gati kwa kamba nne. Wapagazi wa bandarini walitucheka mpaka wakachoka. Siku ya kwanza nilichukua dakika nzima kufunga jaketi langu. Ijumaa nilifunga nikiwa nimefumba macho, kwa sababu Mzee alitufunga vitambaa usoni, akasema ajali ya ziwani haichagui mchana. Wengi wetu tulivuka maji usiku kuja huku, kwenye mitumbwi iliyojaa, bila jaketi hata moja. Nilikuwa nafunga kamba zile nikiwaza hilo.

Mchana jua likiwa kali, kazi ni kujifunza vyombo. Kuna kisahani cheupe kinachoshushwa majini mpaka kisionekane, ndipo unasoma kamba. Hicho alikianzisha padri Mwitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865, na mpaka leo hakina betri wala skrini. Kuna wavu mdogo wa kitambaa, matundu yake huyaoni. Na kuna chupa ya kuchotea maji ya chini, ambayo ndiyo niliipenda. Inashuka ikiwa wazi pande zote mbili. Ikifika mita unazotaka, unaachia kipande cha chuma kinachoteleza kwenye kamba hadi chini, kinagonga kifyatuo, chupa inajifunga na maji ya pale pale. Kile kipande cha chuma wanakiita mjumbe. Ukishika kamba kwa vidole unamsikia mjumbe amefika. Mwanafunzi alinifundisha pale gatini, kina cha mita nne tu: to! Kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mbali.

Kuhusu mishahara nisiseme sana. Siku za kungoja hulipwa nusu, na jambo hilo lilijadiliwa kila jioni kuanzia saa 12 hadi jenereta ilipozimwa. Fundi alikuwa na hoja nzuri kuliko wote: injini ikilala yeye hulala nusu tu. Dokta alituambia hata meli kubwa hungoja. Mombasa kuna meli ya utafiti ya Kenya inayoitwa Mtafiti, ambayo zamani ilikuwa ya Wabelgiji na jina lake Zeeleeuw, na kila siku ya meli kama ile ni pesa, itoke isitoke. Fundi akasema basi akazaliwe Mombasa.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Nimelizunguka vya kutosha.

Mwaka 2020, mwezi wa nne, mto Mulongwe ulifurika Uvira usiku na kubomoa nyumba nyingi. Yetu ilikuwa karibu na mto. Tuliyemwachia funguo hakupokea simu tena. Mmoja alituambia nyumba imekwenda yote, mwingine akasema ukuta wa nyuma umebaki na mwembe upo. Mama yangu ameamua mwembe upo. Kituo cha nne cha boti ile kiko karibu na mpaka wa maji, na Mzee ana darubini kubwa. Siku ya kwanza tu nilimwuliza kama pale Uvira inaonekana vizuri. Akasema asubuhi kukiwa hakuna ukungu unaweza kuhesabu milango ya Kalundu. Kwa hiyo nisiwadanganye, sikukaa siku tano kwa ajili ya kipindi.

Usiku tulilala sitahani. Viboko walikuwa wanakuja kula majani nyuma ya maghala, unasikia wanapumua. Ng'ambo, taa za Uvira zilikuwa zinawaka na kuzimika mtaa kwa mtaa, umeme wa kule unajulikana. Nilijaribu kukisia Mulongwe ni zipi. Kila usiku nilichagua taa tofauti.

Karatasi yangu ya kutoka kambini ilikuwa ya siku saba, na siku ya saba ilikuwa Jumamosi. Nyinyi mnajua maana yake. Nikichelewa, si mimi peke yangu. Anayefuata wa timu ya redio ataomba karatasi na ataambiwa wenzako hawarudi. Kutoka Bujumbura kwenda Cankuzo, mafuta yakiwa hivi, ni siku nzima ukibahatika kupata gari la kwanza. Nilihesabu kila siku. Alhamisi usiku nilimwandikia mkubwa wangu ujumbe nikiomba waniongezee siku mbili, nikaufuta. Nikauandika tena. Nikaufuta.

Ijumaa saa 3 usiku upepo ukalala. Ziwa likawa bapa kama meza. Mazutu yapo, karatasi ipo. Mzee akachukua chaki akaandika yale yale: KESHO, KUONDOKA SAA 11 ALFAJIRI. Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi alishuka chini akaanza kuzungumza na injini yake. Gari la kwanza la Gitega huondoka saa 11 hiyo hiyo.

Mpishi alinitazama, akaniletea chai bila kuulizwa. Nikamwambia, mama, nifanyeje? Alisema: "Mimi nilipanda Liemba siku ya nane kwa sababu jina langu liliitwa siku ya nane. Wewe jina lako linaitwa wapi kesho?" Sikumjibu. Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Nilikuwa nataka mtu aniambie baki.

Saa 10 usiku niliosha chupa kumi na mbili zilizokuwa zamu yangu. Nikampa Fundi kinasa sauti, nikamwonyesha kitufe chekundu na kumwambia asikishike karibu na injini, najua atakishika karibu na injini. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikuwa kwenye kituo cha magari niliposikia honi mbili fupi kutoka upande wa bandari. Inawezekana ilikuwa lori.

Saa 11 na nusu jioni nilisaini daftari pale lango la Kavumu.

Leo nimerudi Kigobe kwa karatasi ya siku mbili, na mlinzi amenikabidhi bahasha. Fundi aliileta mwenyewe kwa miguu. Sauti ni dakika 41, na dakika 30 ni injini, kama nilivyosema. Lakini kuna sehemu Mzee anaongea, upepo unakata maneno. Anasema yuko kituo cha nne, ni saa 2 asubuhi, hakuna ukungu. Anasema anauona mto, unatoa maji mekundu. Anasema: "Redio, naona mabati mapya mengi. Naona miti, mingi tu, ipo minne mitano mikubwa karibu na mto. Mwembe au si mwembe, kwa umbali huu siwezi kukudanganya." Halafu anamwita mtu ashike winchi.

Sehemu hiyo nimeikata, nitampelekea mama yangu aisikie peke yake kwanza. Nitakayowachezea nyinyi ni ile inayofuata. Fundi, sijui nani alimfundisha, alibana kinasa sauti kwenye kamba yenyewe. Chupa iko mita 100 chini, pale oksijeni inapokwisha. Utasikia mwanafunzi anasema "mjumbe", kisha mlio mwembamba unaoteleza na kwenda mbali, kisha kwa muda hakuna kitu. Usiondoke hapo. Ngoja.

(Sauti kutoka ziwani. Mlio wa chuma kwenye kamba. Ukimya, sekunde 38. Mgongo mmoja. Muziki usiingie mara moja.)